Muulize Mwalimu: "Keep plugging away", nasifiwa au nafukuzwa?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana, karani wa masjala katika ofisi moja hapa Dodoma. Kwa sasa kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta taarifa za mafaili ya zamani, yale ya karatasi zilizopigwa taipu, mengine mchwa wameshaonja pembeni. Jina, namba ya faili, tarehe, kurasa. Jina, namba ya faili, tarehe, kurasa. Mradi una mshauri kutoka Uingereza anayetuandikia baruapepe kila Ijumaa. Ya juzi ilisema: "I know it's tedious, but keep plugging away." Hiyo "tedious" niliitafuta nikaipata, kazi ya kuchosha. Kwenye "plugging away" ndipo ofisi ilipogawanyika. Dada wa mapokezi anasema plug ni plagi, tunakumbushwa kuchomoa kompyuta tunapoondoka. Mzee wetu wa masjala anasema "away" maana yake nenda zako, nianze kutafuta kazi nyingine. Mwalimu, nasifiwa au nafukuzwa? Na nimjibuje?*

*Karani, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi nyote hapo masjala, nawasalimu Kigogo. Hufukuzwi, na kompyuta ziacheni zilivyo.

"To plug away" ni kukomaa na kazi: kuendelea nayo bila kuitupa, ingawa inachosha, inajirudia, na mwisho wake bado hauonekani. Mshauri wenu amesema, "Najua kazi hii inachosha, lakini endeleeni kukomaa nayo." Angekuwa kijana wa Majengo angewaambia "komaeni tu" akamaliza. Ni maneno ya kutia moyo.

Dada wa mapokezi msimcheke. Plug kweli ni plagi, na ni kizibo pia, na plagi yetu inatusaidia kwenye matamshi: tulipolichukua neno hilo kwa Waingereza tulichukua na sauti yake. Kwa hiyo tamka "plag", usitamke u kwa sababu umeiona imeandikwa. Mkazo uangukie mwishoni: plaging a-WEI. Ila umeme humu haumo.

Mzee wa masjala ndiye aliyenifanya niandike marefu. Amekosea, lakini amekosea mahali penyewe panapotakiwa kuangaliwa. Vitenzi vya Kiingereza vya namna hii, vinavyoitwa "phrasal verbs", vina mwili na mkia. Mwili hapa ni "plug", mkia ni "away". Karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha alikuwa anaukimbilia mwili, anaufungulia kamusi, anarudi na plagi mkononi. Mzee wenu ameutazama mkia. Sasa kilichobaki ni kujua kwamba mkia huo una tabia mbili.

Tabia ya kwanza anaijua: umbali, kuondoka. "Go away", ondoka hapa. "Throw it away", kitupe. "Put the files away", rudisha mafaili kabatini. Katika zote hizo kuna mtu au kitu kinachotoka mahali pake. Tabia ya pili haina safari yoyote. Mtu yuko palepale, amekaa, tendo ndilo linaloendelea na kuendelea. Pita asubuhi kwa mafundi cherehani wa Majengo ukamwona fundi kainamia mashine, hainui kichwa: "He is sewing away." Panda basi la usiku kutoka Dar, jirani yako alale tangu Morogoro akikoroma hadi stendi: "He was snoring away." Wanawake wawili wanapiga soga kisimani na ndoo zimeshajaa zamani: "They were talking away." Hakuna aliyekwenda mbali. Hata kwenye baruapepe za Kiingereza unaweza kukutana na "ask away", yaani uliza tu, usijizuie.

Sisi Waswahili hatushangai mkia kubadilisha maana, tunafanya hivyo kila siku ndani ya neno lenyewe. Funga, fungua, fungia, fungana: kinabadilika kipande kidogo mwishoni na mlango uliokuwa umefungwa uko wazi. Mwingereza kipande hicho amekitenga, akakiacha kitembee peke yake baada ya kitenzi, ndiyo maana tunakiona kama neno la ziada tu na kukiruka.

Kuna jambo jingine kuhusu sifa uliyopewa, na usinielewe vibaya. Ni sifa, lakini ni sifa ya mtu ambaye matunda yake hayajaonekana. Mtu aliyepata Divisheni ya Kwanza haambiwi "keep plugging away", anaambiwa hongera. Anayeambiwa hivyo ni yule aliyerudia mtihani, au anayeandika maombi ya kazi kila wiki na hajibiwi. Ndani yake kuna bidii na kuna ugumu, ushindi bado. Ndiyo maana pia neno hili huteremka au hwenda sawia: mkubwa kwa mdogo, rafiki kwa rafiki. Usije ukamwandikia mkurugenzi wako "Keep plugging away, sir". Atasikia kama unampapasa kichwa. Kujisemea mwenyewe ni ruhusa kabisa, hata mbele ya mkubwa. Kwenye wasifu wa kuombea kazi liache, ni neno la mazungumzo. Huko andika "persevered" au "worked steadily on".

Kanuni yake ni fupi. Kazi yenyewe ukiitaja, itangulize "at": "I am plugging away at the old files." Usikate mwili na mkia ukapachika kitu katikati: "plugging it away" hakuna, au tuseme ukiandika hivyo Mwingereza atakuelewa kwa huruma. Herufi g zinakuwa mbili, plugging, plugged.

Mfano ninaoupenda kwa neno hili uko mlangoni kwako. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulitolewa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo wenye viwanja wa rika langu hatutaisahau. Halafu miaka ikaenda. Bunge likatangulia, wizara zikabaki pwani. Barabara ikapimwa, fedha ikaisha. Waziri akija kwa vikao, vikao vikiisha huyo anarudi zake Dar es Salaam. Hakuna aliyesema mpango umefutwa, na hakuna aliyeuona mwisho wake. "Tanzania plugged away at moving its capital for more than forty years." Sentensi hiyo ni sahihi kabisa hadi mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia. CDA ikavunjwa 2017, tarehe 26 Aprili 2018 mji ukawa jiji, na leo daladala zinaelekea Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Kwa hatua hiyo ya pili "plug away" haifai tena, kwa sababu kazi imefika. Utasema "the move was carried through". Mkia umebadilika, na mkia huo "through" ndio utakaomsaidia mwenzako wa barua inayofuata.

Mjibu mshauri hivi: "Thank you. We are still plugging away at the 1970s files and hope to get through them by the end of June." Mwezi badilisha kadiri ya hali ya mafaili yenu, na ya mchwa.

*Mwalimu, habari za kazi. Niko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma. Mhadhiri wetu alituambia "plough through chapter three before Monday". Jioni hiyohiyo nikasoma habari kwamba lori "ploughed through a fence". Sura ya kitabu na uzio vinalimwaje? Halafu hilo neno linatamkwaje, maana darasani kila mtu ana lake.*

*Mwanafunzi, UDOM*

Salama, mwanangu. Nianze na matamshi maana ni mepesi: "plau", kama "now". Wamarekani wameamua kuandika "plow" ili wasijisumbue. Sisi tunafuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo tunajisumbua. Na herufi hizo nne za mwisho, o-u-g-h, zisikudanganye ukadhani zina sauti moja. "Through" ni thruu, "though" ni dhou, "tough" ni taf, "cough" ni kof. Usitafute kanuni. Nilishaitafuta, haipo.

Sasa maana. Nadhani hakuna mkoa nchini unaostahili kufundishia kitenzi hiki kuliko wetu, kwa sababu ya Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali yao ikapanga kulima karanga kwa mashine kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika, na mwaka 1947 wakaanzia Kongwa. Matrekta yakaletwa, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, hilo silitungi. Walichokikuta unakijua ukitoka nje ya geti la chuo mwezi wa Septemba: pori la miiba lililoshikana, mibuyu isiyosukumika, mvua ya msimu mmoja tu inayokuja kwa hiari yake, na udongo ambao jua likishaupiga unakuwa sakafu. Majembe ya trekta yalikuwa yanalika na kuvunjika. Wazee wa Kigogo walikuwa wanalima uwele na mtama hapo kwa sababu walijua ardhi hiyo inakubali nini. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimekwenda.

Mstari wa kwanza wa kuandika daftarini ni huu: "The machines could not plough through the hard ground." Hapo kitenzi kiko kwenye kazi yake ya asili. Jembe linaingia huku, linapasua kitu kizito, linatokea kule. "Through" ni kutokea ng'ambo. Mhadhiri wako amechukua picha hiyohiyo: sura ya tatu ni ngumu, nzito, haina ladha, lakini ina ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Ingieni huku mtokee kule kabla ya Jumatatu. Angesema "plug away at chapter three" angekuwa amewaacha mjisomee mpaka mtakapochoka, asiwape Jumatatu. Ndiyo tofauti na yule karani wa barua ya kwanza, ambaye mafaili yake hayana Jumatatu inayojulikana.

Lori nalo limefanya vivyo hivyo kwa uzio, limeingia huku likatokea kule, ila bila kukusudia. Ukikuta "ploughed into", kwa mfano "the bus ploughed into a stall", basi limevamia kibanda. Sentensi haikuambii kama lilitokea. Na mfanyabiashara akisema "we plough the profits back into the business", anairudisha faida kwenye biashara. Hayo ya pembeni, yajue tu.

Mstari wa pili wa Kongwa ni wangu mwenyewe na ninaupenda zaidi: "The officials ploughed on until 1951." Mkia umekuwa "on". Majembe yameshavunjika, mvua imeshagoma, hesabu haziendi, nao wanaendelea. "On" huja pale ambapo kuna sababu ya kuacha na mtu haachi. Wakati mwingine ni sifa na wakati mwingine ni ukaidi, kama hapo. Kwa upande wa sifa Waingereza wanapenda "soldier on", linatamkwa "soulja on": "She had malaria but she soldiered on." Alikuwa na malaria, akaenda hivyohivyo. (Kama ni wewe, nenda zahanati kwanza.)

Wapo ndugu wengine ukoo huohuo. "Slog through" ni kama "plough through" lakini jasho linaonekana zaidi, na "slog" peke yake ni nomino nzuri: "It was a slog", ilikuwa shughuli pevu. "Wade through" ni kuvuka maji kwa miguu, na hutumiwa kwa makaratasi mengi; mtu wa Dodoma, ambaye mito yetu ni mchanga miezi mingi ya mwaka, itabidi aombe picha hiyo kwa watu wa Kilombero. "Plod on" ni mwendo wa aliyechoka. "Beaver away" achana nalo kwa sasa. Beaver ni mnyama wa mito ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini anayekata miti kwa meno ajenge bwawa, na kabla hujamweleza mwenzako huyo ni mnyama gani, mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Ukiniuliza mimi uanze na lipi, anza na lisilo na mbwembwe: "get through". "I got through chapter three." Halikosei popote, mbele ya mhadhiri wala kwenye ripoti, na halitamkwi kwa herufi za ajabu zaidi ya "through" yenyewe.

*Mwalimu shikamoo. Niko Mpwapwa. Mwanangu yuko Kidato cha Pili. Mwalimu wa tuisheni amempa karatasi yenye "phrasal verbs" mia mbili azikariri likizo hii, zimepangwa kwa alfabeti, upande mmoja Kiingereza na upande mwingine Kiswahili. Amefika kwenye "get" amekwama, analia. Nimlazimishe amalize?*

*Mama Kidato cha Pili*

Marahaba, mama. Usimlazimishe.

Wala simlaumu mwalimu wa tuisheni. Orodha ni rahisi kunakili na wazazi wanaona wamepata kitu. Lakini tazama kilichompata mtoto kwenye "get": get up, get on, get off, get by, get over, get through, get away. Mwili ni uleule mara saba, na maana saba zimetawanyika, hakuna kamba inayoziunganisha. Kichwa chochote kitachanganya "get over" na "get by" kabla ya jioni. Sasa mwambie azipange upya kwa mkia. Zote zenye "on" zikae pamoja: carry on, go on, read on, keep on, soldier on. Atauona mwenyewe kwamba "on" inasema endelea. Zenye "through" pamoja: read through, get through, look through, plough through. Zenye "away" azigawe mafungu mawili, lile la kuondoka na lile la kukomaa, na hapo umpe barua ya karani asome. Zitabaki nyingi zisizokubali kupangwa, ndivyo lugha ilivyo. "Get over", kwa mfano, aijue tu kwamba ni kupona au kusahau jambo lililokuumiza.

Kwa kila anayoichukua, atunge sentensi ya jambo alilolifanya wiki hiyo nyumbani. Kama anasaidia kubangua karanga: "I plugged away at the groundnuts." Debe likiisha: "I got through the groundnuts." Shangazi yake kama ana zabibu huko Hombolo na mtoto huenda likizo, kazi ya kupogoa mizabibu itamtosha peke yake, maana huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mkasi haupumziki: "We ploughed through the pruning." Akikosea sentensi, isahihishe mara moja, mwache aendelee. Tatu au nne kwa wiki zinatosha. Likizo ikiisha akiwa na ishirini zake anazozitumia kuzungumza, atamshinda aliyekariri mia mbili, hasa kwenye mtihani unaomtaka aandike insha.

Karatasi ya mwalimu usiitupe. Nyuma naamini iko wazi. Sentensi zake aandike huko.